Tumbusi wa Juba Si Adui Yetu

Mliopita Juba mnaikumbuka Thongpiny, jirani na uwanja wa ndege, ambako maelfu walikimbilia kituo cha UN Desemba 2013. Juu ya majalala ya mji ule huzunguka mwewe, kongoti na tumbusi. Darasani tunasikia watoto wakisema tumbusi analeta kifo. Hapana jamani! Yeye anafuata mzoga, anaumaliza kabla haujaoza, na asidi kali ya tumboni mwake inaua vijidudu vingi.

Kumbe ndege huyu anaisha. Yule mdogo mwenye manyoya kama kofia, tangu 2015 amewekwa kwenye orodha ya walio karibu kutoweka duniani. Adui wake mkubwa ni sumu: mtu anatia nyama sumu aue fisi au mbwa, na tumbusi wote wanaoila wanakufa. Tena hutaga yai moja tu, kwa hiyo kurudisha idadi huchukua miaka.

Basi tuwaambie watoto waweke manati chini, na sisi wakubwa tusitege nyama yenye sumu. Jioni tukae nao nje, tutazame juu na tuhesabu pamoja.