Shangingi kuukuu Mbinga: Hesabu mistari kabla ya kuhesabu noti

FEDHA za kahawa zinapoanza kuingia mikononi mwa wakulima na wafanyabiashara wa Mbinga, huchangamka pia soko ambalo halimo katika taarifa yoyote ya bei: soko la magari makuukuu ya kifahari. Miongoni mwa yanayotamaniwa ni Toyota Land Cruiser VX toleo la 100, shangingi lililoanza kuuzwa mwaka 1998 na ambalo mwaka 2007 liliachia nafasi toleo la 200.

Bei yake leo imeshuka hadi kufikiwa na mfanyabiashara wa kati, na kwa kuwa gari la umri huo likiagizwa kutoka nje hubeba mzigo wa ushuru wa uchakavu, wengi huona nafuu kununua lililokwisha kuzoea vumbi la Tanzania. Injini yake ya dizeli ya lita 4.2 ina sifa ya kudumu. Hapo ndipo mnunuzi hujikwaa. Hufungua boneti, husikiliza muungurumo, huridhika, wala hainami kutazama miguu.

Na huku ni miguu inayofanya kazi. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa kilomita 67, sasa ni ya lami, lakini huteremka kutoka milima ya Umatengo, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, hadi Ziwa Nyasa ambalo liko chini ya mita 500. Kona ni nyingi. Ukiiacha lami kufuata kahawa vijijini, au usipa wa wavuvi wa mwambao, unakutana na udongo, mawe na makorongo ya masika. Gari linaloonekana tulivu likizungushwa mitaa miwili mjini linaweza kuonyesha tabia nyingine kabisa kabla halijafika ziwani.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba VX 100 si moja. Baadhi zina springi na shokapu za kawaida, na hizo fundi yeyote mwenye jeki na nondo ya kupekulia hupata ugonjwa wake kwa nusu saa: bushi zilizoliwa, boljointi yenye mchezo, shokapu inayovuja. Nyingine, hasa zile za daraja la juu zilizotengenezwa kwa soko la Japani, zina mfumo wa haidroliki unaoinua na kushusha bodi, ujulikanao kwa herufi AHC. Utaitambua kwa swichi ya kupandisha na kushusha gari iliyo karibu na gia, na kwa chupa ya mafuta ya mfumo huo iliyo ndani ya boneti.

Katika mfumo huu, uzito wa gari hugawanywa. Sehemu hubebwa na springi za nyuma na vyuma vya tosheni vya mbele. Sehemu iliyobaki hubebwa na mafuta yenye mgandamizo. Kwa kuwa mafuta hayabonyei, kila gurudumu limepewa tufe la chuma lenye gesi ya naitrojeni nyuma ya utando wa mpira. Gesi hiyo ndiyo mto. Miaka inavyokwenda huvuja taratibu kupita kwenye mpira, na siku inapokwisha gari hukaa juu ya mafuta peke yake. Kila shimo hufika kiunoni kwa dereva.

Tuchukue mfano wa mnunuzi wa kahawa ambaye gari lake limekuwa gumu kama mkokoteni. Analipeleka gereji, fundi anaruka juu ya bampa, gari halibonyei, hukumu inatolewa: shokapu zimekufa. Zinaagizwa nne kutoka Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi kupitia Makambako na Songea. Zinafungwa. Ugumu uko palepale, kwani kilichokufa ni matufe, na shokapu za mfumo huu ni ghali na si za kwanza kufa. Fedha ya magunia kadhaa imekwenda kwa kubahatisha.

Kipimo chenyewe hakigharimu kitu. Gari lisimamishwe mahali tambarare, bila mzigo, injini ikiwaka. Lishushwe hadi kimo cha chini kabisa, na usawa wa mafuta usomwe kwenye mistari ya chupa. Kisha lipandishwe hadi kimo cha juu, mafuta yasomwe tena. Matufe mazima huleta tofauti ya mistari 14 hivi. Ikiwa 7 au pungufu, yamekwisha. Katikati ya hapo, mnunuzi anajua kwamba analipia siku zilizobaki, na bei iseme hivyo.

Lakini kipimo hicho kinaweza kupotoshwa na springi zilizochoka. Zikilegea, mafuta hubeba zaidi ya fungu lake, gesi iliyomo hubanwa, na hata tufe zima huonekana bovu. Mgandamizo wa mbele unaofaa ni karibu MPa 6.9, ukizidi sana, vyuma vya tosheni vikazwe kwanza na springi za nyuma zitazamwe kabla ya kuagiza tufe hata moja. Kazi hiyo ni nafuu, ndiyo maana inashangaza kwamba mara nyingi hufanywa mwisho.

Gari likilala upande mmoja, au taa ya OFF ikimulika kwenye dashibodi, mashaka yaende kwenye vihisio vitatu vya kimo, viwili mbele na kimoja nyuma, ambavyo huliwa na maji na matope. Fundi anayejua huunganisha vipini vya Tc na CG kwenye soketi ya uchunguzi, na taa humulika namba ya hitilafu. Mabomba ya mafuta yanayopita kwenye chesesi nayo yapapaswe kwa mkono, hasa kwa gari lililokaa miaka mingi pwani, kwa maana kutu haionekani chini ya matope makavu. Na anayetaka kuongeza mafuta ya breki kwenye chupa hiyo azuiwe mara moja: yataharibu mipira yote.

Wapo wanaong'oa mfumo mzima na kufunga springi za kawaida. Si uamuzi mbaya kwa mtu anayeishi mbali na vipuri, ila ufanywe wote. Springi na tosheni za awali zilikusudiwa kubeba sehemu tu ya uzito. Zikibakizwa, gari litainama kama punda aliyezidiwa, na kwenye mteremko wa Mbamba Bay likiwa na mzigo halitakuwa salama.

Kwa mnunuzi, hesabu inakuwa hivi. Tuseme muuzaji anataka shilingi milioni 30 na chupa imeonyesha mistari 6. Bei ya matufe manne, mafuta mapya na kazi ya fundi iulizwe Dar es Salaam siku hiyohiyo kwa simu, kwenye maduka mawili au zaidi, kisha iondolewe kwenye milioni 30 mbele ya muuzaji, chupa ikiwa bado wazi. Muuzaji asiyetaka gari lipandishwe na kushushwa mbele ya watu, akidai swichi imeharibika jana tu, aachwe na gari lake.