Risasi Kumi na Tano Chini ya Kiti

Siku moja ya Februari mwaka jana nilipanda gari la rafiki yangu, mnunuzi wa vito hapa Voi, tukashika njia ya Kasigau. Gari liliporuka shimo, kitu kizito kiliteleza kutoka chini ya kiti nilichokalia kikanigonga kisigino. Nilipoinama nikaona ni bastola. Nyuma yetu alikuwapo mwanawe wa gredi ya sita, amekumbatia begi lake la shule. Mtoto yule hakushtuka hata kidogo, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu.

Ndugu msomaji, rafiki huyu si mhalifu. Cheti chake cha silaha amekipata kwa mujibu wa sheria, Sura ya 114, na wenye silaha nchini walipotakiwa kuhakikiwa upya kati ya 2018 na 2019, naye alijitokeza akahakikiwa. Wala woga wake haukutoka hewani. Biashara ya vito katika Taita Taveta imekwisha kumwaga damu. Mwezi wa Agosti 2009 Campbell Bridges, mjiolojia aliyeipatia dunia kito cha kijani kiitwacho tsavoraiti, aliuawa karibu na Voi na kundi la watu wenye mikuki, mishale na mapanga. Mtu abebaye vito na fedha taslimu katika njia zile zile hawezi kuambiwa asiogope.

Alipokwenda kununua aliwekewa bastola mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa CZ 75, ile ambayo Wakenya wameizoea kwa jina la Ceska, yenye kuchukua risasi 15. Ya pili ilikuwa Glock 43, nyembamba, yenye risasi 6. Akahesabu kama ahesabuvyo mfanyabiashara yeyote.

"Sita ni chache, mwalimu," aliniambia. "Wakija wanne?"

Hoja hiyo si ya kipumbavu. Mkono wa mtu aliyejawa na hofu hutetemeka, na risasi nyingi hupita kando. Kubadilisha magazini wakati moyo unadunda si kazi ya kila mtu. Tena bastola ndogo ina udhia wake: mtutu mfupi, mpini usiomtosha kidole cha mwisho, na teke kali linalomfanya mwenyewe achoke kufanya mazoezi kabla hajaizoea. Anayedai kwamba ndogo ni rahisi kwa kila jambo, bila shaka hajaifyatua.

Lakini hebu wanafunzi wangu wachukue kalamu. Risasi moja ya milimita 9 ina uzito wa takriban gramu 12. Kumi na tano ni gramu 180. Bastola yenyewe, ikiwa tupu, inakaribia kilo moja. Ongeza ala yake na mshipi mgumu wa kuihimili. Hapo hesabu imekwisha, na jua la Voi halimo ndani yake. Mji huu uko karibu mita 600 tu juu ya bahari, na mwezi wa Februari hata shati la pamba huwa mzigo. Huko milimani, chini ya kilele cha Vuria kinachozidi mita 2,200, mtu huvaa koti mchana kutwa bila kuulizwa. Hapa Voi mwenye koti saa saba za mchana ataulizwa kama ana malaria! Rafiki yangu alishonesha suti mbili za Kaunda ili kuficha uvimbe wa kiunoni, akawa analoa jasho hadi magotini. Ala ikamchubua. Mwezi wa kwanza alivaa bastola kiunoni. Wa pili akaitia mkobani. Wa tatu ikahamia chini ya kiti. Hakuna siku aliyoamua kuiacha. Joto ndilo lililoamua.

Basi zile 15 alizozilipia zilikuwa ngapi siku ile, naye yuko kwenye usukani na silaha iko kisiginoni pangu, karibu na mkono wa mwanawe kuliko wa kwake? Mimi nasema hata moja hakuwa nayo.

Kaskazini yetu, kwenye daraja la Tsavo, suala hili lilikwisha kujitokeza 1898. Patterson, mhandisi wa reli aliyekuwa akiwawinda simba wala watu, aliazima bunduki kubwa kuliko yake. Simba alipotokea mbele yake, bunduki ile ya kuazima ikagoma, naye kwa mshtuko akasahau kwamba ina mtutu wa pili. Simba akaenda zake. Aliwaua wote wawili Desemba ya mwaka huo, lakini ile nafasi aliipoteza akiwa na silaha yenye nguvu zaidi mkononi.

(Rafiki yangu alitaja ndovu pia. Hilo sikulijadili naye. Amfyatuliaye ndovu bastola, ziwe 6 au 15, amemkasirisha tu. Ndovu hukimbiwa mapema, na wa Shirika la Wanyamapori hupigiwa simu.)

Tuliposhuka Kasigau nilimwambia achague kubwa kuliko zote anazoweza kuvaa tangu alfajiri hadi usiku bila kuivua, katika joto hili, na shati hilo alilovaa. Ikiwa ni ya risasi 6, basi ni 6, na ajifunze kuitumia mpaka mkono usimdanganye. Na ile ambayo haimo mwilini mwake iwe ndani ya kasha la chuma lililofungwa, ufunguo ukae kwake. Alininyamazia kitambo.

"Mtoto anajua siku zote ilipo," akasema hatimaye. "Nilimwambia asiiguse."

Sisi walimu tunajua maneno hayo yana uzito gani kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Kubadilisha si jambo la siku moja, kwani cheti hutaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi. Kwa hiyo ilimbidi arudi kwa wahusika na kuanza upya. Hadi naandika haya bado anangoja. Ceska imo kashani. Safari za Kasigau anazifanya asubuhi, akiwa na mwenzake, na vito havilali tena garini. Zile suti za Kaunda amempa shemeji yake wa Wundanyi.