Mtandao Ufike Hadi Chumba cha Mwisho

Katika nyumba nyingi za mawe za Kitengela na Kajiado, ruta hufungwa sebuleni, na chumba cha mwisho kikakosa mtandao. Mtoto huandika kazi ya shule akiwa koridoni, na mama hukatikiwa na darsa katikati ya maelezo.

Mawe na zege hufifisha mawimbi, mabati huyarudisha. Basi, ndugu msomaji, kabla ya kutoa fedha, ihamishe ruta katikati ya nyumba, mahali pa juu, mbali na jokofu. Huenda ikatosha.

Isipotosha, nunua kipanuzi cha mawimbi, ambacho mafundi hukiita ekstenda. Wengi hukichomeka katika chumba kile kile chenye shida, kisha wakasema hakifai. Kifaa hiki hakizalishi mtandao. Huyapokea mawimbi yaliyopo na kuyarusha mbele. Kikipokea hafifu, kitatoa hafifu. Kiweke kati ya ruta na chumba hicho, pale ambapo simu ingali inashika vyema.

Fahamu kuwa vipanuzi vya bei nafuu hupunguza kasi, kwa kuwa hupokea na kurusha kwa zamu. Penye kuta nene sana, afadhali kuvuta waya. Hatimaye, badilisha nywila ya kiwandani, nyumba ihifadhike.