Mokambi na Mpiga Mbiu: Kinshasa Ilivyoliwazia Kanisa la Kesho



Tunapoambiwa tuiwaze upya kesho ya Kanisa kwa furaha na ubunifu, wengi wetu tunafikiria kinanda kipya, vigelegele na sare za kwaya. Si vibaya. Lakini ubunifu ukiwa wa kweli hugusa pia maswali mazito: nani anaongoza, nani anasikilizwa, na padre yupo kwa ajili ya nini. Swali hilo la mwisho linatuhusu sana sisi waseminari. Ndiyo maana tumechagua kueleza yaliyofanyika kwa majirani zetu wa Kongo, katika Jimbo Kuu la Kinshasa, wakati wa Kardinali Joseph-Albert Malula.

Malula alikuwa Askofu Mkuu mwaka 1964, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiwa bado unaendelea. Mwaka 1969 Papa Paulo VI alimfanya Kardinali, na mwaka huohuo, akiwa Kampala, Papa aliwaambia maaskofu wa Afrika kwamba wanaweza na wanapaswa kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Maaskofu wa Kongo waliyachukua maneno hayo kama kazi ya kufanya. Walitafiti, wakajaribu, wakarudi Roma na kusahihishwa, hadi mwaka 1988 Misale ya Kiroma kwa Majimbo ya Zaire ilipopitishwa. Karibu miaka ishirini! Anayedhani ubunifu ni kuamka asubuhi na kubadilisha Misa apendavyo paroko, ajifunze uvumilivu huo.

Katika Misa hiyo yupo mpiga mbiu, ambaye huwaandaa na kuwaalika waamini. Mwanzoni wanaitwa watakatifu, pamoja na mababu waliomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu. Wakati wa Utukufu, padre na wahudumu huizunguka altare kwa mwendo wa kucheza. Watalii hupiga picha hapo. Sisi tunavutiwa zaidi na mahali pa Tendo la Toba: linakuja baada ya mahubiri na Nasadiki, kisha watu wanapeana amani, ndipo vipaji vinapelekwa altareni. Mantiki yake ni rahisi. Mtu asikie kwanza Neno, limwonyeshe alipokosea, apatane na nduguye, kisha alete sadaka yake, kama Bwana anavyoagiza katika Injili ya Mathayo. Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko aliadhimisha Misa kwa utaratibu huo ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, pamoja na Wakongo wanaoishi Roma.

Jambo la pili halipigwi picha sana. Katika miaka ya 1970 Malula alianza kuwakabidhi walei uongozi wa baadhi ya parokia. Kiongozi huyo aliitwa mokambi, neno la Kilingala lenye maana ya kiongozi. Wakiwa wengi ni bakambi. Alikuwa mwanaume mwenye familia, aliyeandaliwa kwa masomo ya dini, kisha akateuliwa na askofu kuiongoza parokia. Padre alikuwepo pia: kwa Ekaristi, Kitubio na malezi ya kiroho. Mapadre walikuwa wachache, ni kweli, lakini Malula hakuwaona walei kama viraka vya kuzibia pengo. Aliamini wamepewa wajibu na Ubatizo wenyewe. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 517, nazo zinaruhusu asiye padre kushirikishwa uchungaji wa parokia pale mapadre wanapopungua, chini ya usimamizi wa padre.

Sasa tuseme ukweli. Mseminari akisikia habari za mokambi anaweza kuingiwa na wasiwasi: kama baba wa watoto wanne anaongoza parokia, sisi tunasomea nini miaka yote hii? Falsafa inatuzoesha kuuliza kila kitu kipo kwa lengo gani. Kama lengo la upadre ni kushika ufunguo wa ofisi, muhuri na daftari la zaka, basi mokambi ni mshindani. Kama ni kuwalisha watu Neno na masakramenti, mokambi anampunguzia padre mzigo uliokuwa ukimnyima muda wa kukaa kwenye kiti cha kitubio.

Katika vigango vyetu vingi, ambako padre hufika mara chache, katekista ndiye anayeongoza ibada ya Dominika, anawafundisha watoto na kuwazika wafu. Kazi ya mokambi tayari anaifanya kwa sehemu kubwa. Anachokosa mara nyingi ni masomo ya kutosha, posho ya kueleweka, na kusikilizwa parokia inapopanga mambo. Likizo ijayo, tukitumwa vigangoni, tunaweza kuanza kwa kumwomba yeye atuelekeze ni nyumba ipi tuitembelee kwanza.