Kwa Nini Timu Hubutua Mpira Mbele?

Vijana wa vikundi vyetu wanapocheza, kelele za kando ya kiwanja ni zile zile: "Piga mbele!" Beki akijaribu kumpa kipa pasi fupi, watu wanashika vichwa. Tumeona kijana akiacha timu kabisa kwa sababu ya kutukanwa hivyo. Je, nani ana haki?

Wanaopiga kelele si wajinga. Beki akipokonywa mpira karibu na goli lake, adui amebakiza hatua chache tu afunge. Mpira ukipotea kule mbele, wenzake wana nafasi ya kurudi. Tena viwanja vyetu vina mashimo, na pasi ya chini huruka ovyo. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: anayepokea goli kiki moja kwa moja hahesabiwi ameotea.

Kule Uingereza timu ya Wimbledon ilijulikana kwa mipira mirefu. Mwaka 1988 iliwafunga Liverpool, mabingwa wa ligi, 1-0 katika fainali ya Kombe la FA. Kabla yao mhasibu mmoja wa jeshi la anga, Charles Reep, alianza mwaka 1950 kuandika kila pasi kwa karatasi na kalamu. Akaona magoli mengi hutokana na pasi tatu au chini yake, basi akasema mpira upelekwe mbele haraka.

Hapo hesabu ilimdanganya. Mashambulizi mengi, yawe na goli au yasiwe nalo, huwa ya pasi chache. Ni kama kusema kuku wa kienyeji ndio watagaji bora kwa kuwa mayai mengi kijijini ni yao, kumbe ndio wengi! Waliohesabu upya, wakigawanya magoli kwa idadi ya mashambulizi, waliona kwamba kwa timu zenye ustadi pasi nyingi zilizaa zaidi.

Sheria nazo zimegeuka. Tangu 1992 kipa haruhusiwi kudaka mpira aliorudishiwa makusudi kwa mguu na mwenzake, kwa hiyo wengi waliubutua tu. Lakini tangu 2019 goli kiki si lazima itoke nje ya eneo la hatari. Beki anaweza kuipokea humo ndani, na wapinzani hukaa nje mpaka mpira upigwe.

Makocha, jaribuni hiyo kwanza mazoezini, mkiweka wakabaji wawili tu. Wakizoea, ongezeni wa tatu. Na siku ya mvua, matope yakijaa, mwacheni beki abutue.