Maarifa ya Jamii na Mkutano Mkuu wa Kijiji

Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inampa kila mkazi wa kijiji cha Tanzania Bara, akishafikisha miaka 18, nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ndio wenye kauli ya juu kijijini. Huchagua halmashauri ya kijiji na unaweza kuiondoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaongeza uzito: halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano haujaridhia. Haya ni madaraka makubwa, lakini hayamfai mtu asiyejua kwamba anayo. Mwenyekiti akitangaza kuwa eneo la malisho limeshapewa mwekezaji, aliyefundishwa atauliza mkutano ulikaa lini, muhtasari uko wapi, na nani walisaini mahudhurio. Asiyefundishwa atanung'unika njiani akirudi nyumbani, na ardhi itakuwa imekwenda.

Kwa hiyo naliona somo la maarifa ya jamii kuwa ngao ya mnyonge, na nasikitika linapofundishwa kwa kukaririsha ngazi za uongozi na rangi za bendera. Wapo wanaosema muda wa shule ni mfupi na taifa linahitaji zaidi wahandisi na madaktari. Lakini mhandisi akishajenga kisima, wanakijiji ndio watakaokubaliana nani achangie matengenezo na nani atunze fedha. Wasipojua kudai hesabu, pampu itakufa na utaalamu wake utapotea bure.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba somo hili hugeuzwa kirahisi kuwa la kuwasifu watawala. Hofu hiyo ina msingi. Machi 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Rais Nyerere alitaka shule imjengee mtoto akili ya kudadisi. Hata hivyo enzi ya chama kimoja shule zilifundisha Siasa, somo la kueneza itikadi ya chama, na Uraia ukashika nafasi yake baada ya vyama vingi kurejea 1992. Kulifuta somo hakumkingi mtoto, maana propaganda itamfuata kwenye simu. Kinachomkinga ni kuzoea kudai ushahidi. Mwalimu na aombe kwa mtendaji wa kijiji taarifa ya robo mwaka ya mapato na matumizi, wanafunzi wajumlishe wenyewe, kisha waende kutazama kama darasa lililoandikwa kuwa limeezekwa limeezekwa kweli.