Uzi wa Usikivu

Akeshaye pwani ya Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru, huziona taa za wavuvi wa chisense, samaki wadogo mfano wa dagaa, zimetanda majini kana kwamba ni mji mwingine. Lakini mvuvi aliyezungukwa na kiza cha usiku hategemei macho pekee, kwani sikio ndilo limpalo habari kwamba mashine ya mtumbwi wa pili yakaribia, au kwamba upepo umegeuka, au kwamba mwenziwe amwita.

Habari hiyo hupita njia ya ajabu. Sauti hupiga kiwambo cha sikio, kiwambo hutikisa vifupa vitatu, na vifupa husukuma maji ya chombo kilichojizungusha mithili ya gamba la konokono, ambamo zimo seli zipatazo 16,000, kila moja imebeba shada la vinywele vilivyopangwa kama ngazi, vifupi kwa virefu. Ncha ya kinywele kifupi imefungwa ubavuni mwa kirefu kwa uzi, mfupi hata katika milimita moja zaweza kupangwa nyuzi 6,000 ncha kwa ncha.

Uzi huo umesokotwa kwa protini mbili, kadherini-23 juu na protokadherini-15 chini, kama mvuvi aungavyo kamba mbili zikawa moja. Shada likiinama, uzi hukazika na kuvuta mlango wa seli, ambao umejengwa kwa protini iitwayo TMC1; potasiamu huingia, seli huamka, na mshipa wa fahamu hupeleka ujumbe ubongoni. Na ili mnong'ono usipotee, seli za safu za nje zina prestini, protini iliyotambuliwa na maabara ya Peter Dallos huko Marekani mwaka 2000, ambayo hufupisha na kurefusha seli nzima kwa kasi kubwa mno, ikaikuza sauti dhaifu.

Wavu uliochanika hushonwa, na wataalamu wameona katika seli za wanyama kwamba uzi huu nao, ukikatika, huweza kusokotwa upya baada ya siku moja au mbili. Lakini seli yenyewe ikifa, mwanadamu haoti nyingine. Nchelenge ni nchi ya malaria kali, na waliowahi kutibiwa kwa kwinini wanaujua mvumo wa masikio uliofuatana na dawa, ambao aghalabu hutoweka; ama streptomisini, dawa ya kifua kikuu iliyogunduliwa mwaka 1943, hupenya kwa mlango ule ule wa sauti na yaweza kuiua seli moja kwa moja.

Dawa haikimbiwi, maana uhai watangulia yote. Ila mgonjwa asikiaye mvumo na amwarifu tabibu siku hiyo hiyo, na nahodha aketiye kando ya mashine kutwa na azibe masikio yake. Hivyo ataihifadhi amana aliyoumbiwa tumboni mwa mamaye, na usiku akiitwa jina lake kizani, ataitika.